Polepole, Mara Mbili

Barabara ya Llanberis inasema polepole mara mbili:
kwanza kwa Kiwelisi, ARAF,
herufi nyeupe, ndefu kama shuka zilizoanikwa lamini,
kisha chini yake kwa Kiingereza,
kama mtu anayerudia neno
kwa ajili ya mgeni asiyesikia vizuri.
Heulwen hapunguzi mwendo kwa lugha yoyote.
Amezaliwa hapa. Kona anazijua kama meno yake.

Tumetoka Liverpool moja kwa moja kutoka zamu ya usiku,
bado nanuka dawa ya kuoshea mikono,
chapati nne mapajani ndani ya karatasi ya fedha.

Mvua. Basi makumbusho kwanza.
Bwana mwenye aproni anagonga jiwe mara moja
nalo linafunguka kama daftari,
ukurasa baada ya ukurasa, wa samawati, usio na neno.
"Nusu ya dunia," anajigamba, "imelala chini ya mlima huu."
Anamaanisha mapaa.
Namwambia Heulwen: kwetu paa ni la nyumba,
na paa ni mnyama mwenye miguu ya wasiwasi,
na paa ni kwenda juu,
na ukimpaa samaki unamtoa magamba.
Anacheka, ananilipa palepale:
ysgol ni shule. Ysgol pia ni ngazi.

Halafu, nyuma ya kioo,
kibao.
Kidogo, herufi mbili, tundu, kamba.
Alivikwa mtoto aliyeponyokwa na Kiwelisi darasani,
akivizie cha mwenzake, amvishe,
na wa mwisho, jioni, achapwe.
Heulwen ananieleza taratibu
kama anavyowaeleza ndugu wa mgonjwa.
Sihitaji kuelezwa.
Chetu, kule Mgange, kilikuwa mfupa wa taya ya ng'ombe.

Alhamisi moja ulikuwa shingoni mwangu hadi saa nane,
na mdogo wangu Mkawasi akapita na ndoo.
Nilimfinya.
Ndani ya mkono, karibu na kwapa, panapouma.
Akalia kwa Kidawida.
Nani hulia kwa lugha ya kuazima?
Nikamvisha, nikakimbia kunawa mikono.

Mvua ilikatika saa saba. Tukapanda.
Kondoo wana alama ya bluu mgongoni
kama mizigo iliyopita forodhani.
Gari moshi dogo lilitupita likikohoa,
abiria wakitupungia kwa huruma.
Mzee aliyekuwa akishuka alinitazama,
nikamwona akiitafuta ile lugha ya pili,
nikamwahi: "Pnawn da!"
Fimbo yake ilisimama kabla yake.

Nusu ya njia, mlima ukajifunika hadi kiunoni.
Heulwen akalitazama wingu
jinsi anavyotazama shinikizo la damu,
akasema, basi.
Sikubisha. Mimi ni mtu wa milima,
najua mlima ukisema hapana hausemi mara mbili.

Tukala juu ya ukuta wa mawe.
Hapo simu ikapata vijiti viwili.
Mkawasi alikuwa Voi, anafunga duka:
"We, kuna nini? Mbona saa hizi?"
Kwa Kiswahili, kama siku zote,
miaka ishirini na sita, kwa Kiswahili.
Nikamjibu kwa Kidawida.
Kilitoka na kutu, kikijikwaa,
sentensi ya mtoto wa darasa la tatu:
niko mlimani, kuna baridi, nimekukumbuka.

Kimya.
Upepo huku, shata la bati linateremshwa kule.
Kisha, kwa Kidawida, bila kucheka,
au labda akicheka, mtandao ulikuwa mbaya:
"Nani kakufinya?"

Tulishuka bila kilele.
Chapati ya nne Heulwen aliiomba, akaila kavu,
mkono mmoja kwenye usukani.
Magoti yangu yaliisoma barabara kabla ya macho:
polepole,
na tena,
polepole.